Handaki la VXLAN kati ya swichi za Tabora na Nzega

Chukulia ofisi mbili, Tabora mjini na Nzega, zinazotaka vlani 20 (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi) ileile juu ya laini ya IP ya kukodi. VXLAN huibeba kwa kutia fremu zake ndani ya pakiti za IP; njia hiyo ndiyo handaki. Anza na njia ya chini, yaani ya IP itakayobeba handaki: ipe kila swichi anwani ya lupubaki (kiolesura cha ndani kisichotegemea waya wowote), Tabora 10.255.0.1/32, Nzega 10.255.0.2/32, kisha zitumiane pingi (ujumbe wa kupima kama zinafikiana) kwa anwani hizo. Zisipofikiana, usiguse handaki.

Sasa funga vlani 20 kwenye VNI (namba ya mtandao ndani ya VXLAN) 10020 pande zote mbili, fanya lupubaki kuwa chanzo, na utaje lupubaki ya swichi ya pili kama mwisho wa handaki. Kwa ofisi mbili hiyo yatosha. EVPN, inayozifanya swichi zijulishane zenyewe, isubiri ofisi ziongezeke.

Panapoumiza kichwa ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao laini hupitisha. VXLAN huongeza baiti 50, kwa hiyo laini ya 1500 haitoshi; omba 1550 au zaidi. Pima kwa pingi ya baiti 1522 isiyoruhusiwa kukatwa vipande: ukijumlisha 28 za vichwa vya IP na ICMP unapata 1550. Dalili ya kosa hili hudanganya, maana pingi ndogo hupita vizuri huku mafaili makubwa yakiganda.

Ukuta wa moto uruhusu UDP 4789, mlango wa VXLAN. Na kwa kuwa VXLAN haifichi data, ikipita intaneti ya wazi ifunike kwa IPsec, inayosimba data, nayo itadai baiti zake.