SOMO: Ndege ya bango inavyobeba bango lake, na pale inapoua

Wakuu, kila klipu ya ajali ya ndege ya bango (ile ndogo inayovuta angani tangazo la herufi zilizounganishwa) ikizunguka naulizwa lilelile, eti kwa nini bango lisifungwe mkiani ndege iko chini halafu ipae nalo. Naandika mara moja tu. Mimi si rubani, ni mtu wa chini, natandika mabango huku Florida, Marekani.

1. Tandika bango kwenye nyasi, kamba isipishane popote.

2. Simamisha nguzo mbili, tundika katikati kitanzi cha kamba ya bango.

3. Kamba ya ndoano ifungwe kwenye kifyatulio cha mkiani (kile kinachoachia kamba rubani akivuta kishikio), ndoano yenyewe ikae ubavuni. Rubani akishapaa anaitupa nje.

4. Jaribu kifyatulio. Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Nilimwambia rubani avute kishikio kamba ikiwa imelegea, ikadondoka vizuri, nikamwonyesha dole. Kumbe ndani kulikuwa na mchanga na vijinyasi, na ikivutwa kwa nguvu inang'ang'ania. Kule juu alivuta mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ndo ikaachia, bango likaenda kulala kwenye kinamasi na mimi nikashinda jioni nzima naokota herufi kwenye tope. Alivyoshuka hakunifokea, aliniangalia tu. Tangu siku ile namwomba mwenzangu aivute kamba kwa uzito wake wote ndo rubani afyatue, TENA MARA MBILI, na kitambaa cha kufutia hakitoki mfukoni.

5. Rubani anashuka chini, ndoano inanasa kitanzi, anatia gesi yote na kuinua pua sana ili bango libanduke herufi kwa herufi lisiburuzwe ardhini. Hapa ndo pa kufia. Bango si zito kihivyo ila linakamata upepo vibaya, mwendo unaporomoka, na asiposhusha pua mapema mabawa yanaacha kuibeba ndege. Ukiwa juu sana unapiga mbizi kidogo unapata mwendo tena, pale juu ya nguzo huna hiyo nafasi.

MASWALI

— Kwa hiyo wanalifunga mkiani halafu inapaa?

Soma namba 3 na 5.

— Rubani wa kwenye klipu mzembe tu huyo, angeshusha pua si basi.

Ukiwa kwenye kochi ni rahisi, ndugu yangu. Tarehe 1 Machi 2019 pale Fort Lauderdale, hukuhuku Florida, ndege ya mabango aina ya Piper PA-25 iligonga jengo, rubani akafa. Mie siwezi kumwita marehemu mzembe.

— Kaka samahani, injini ikizingua bango tayari liko nyuma, anaanza na kipi?

Swali zuri hili. Vyote viwili kwa mpigo, pua chini na bango aachie, kwa sababu bango ni breki. Ndo maana nimeng'ang'ana na namba 4. Na injini inateseka kweli, gesi nyingi mwendo mdogo, hewa ya kuipoza haitoshi, joto la Julai ndo usiseme. Rubani wetu mshale wa joto ukipanda anageuka nyumbani, mwenye tangazo anune.

— Bango linaweza kuiangusha ndege lenyewe?

Linaweza. Uingereza, siku ya uchaguzi, 6 Mei 2010, bango lilijisokota mkiani mwa ndege aliyopanda mwanasiasa Nigel Farage, ikaanguka. Yeye na rubani walipona, wameumia.

— Abiria anaruhusiwa? Nataka nipige picha.

PA-25 ina kiti kimoja, iliundwa kunyunyizia dawa mashambani. Utakaa kwenye tangi?

— Mkuu, bango likilowa mnafanyaje? Nina la duka langu limeanza kunuka.

Hahaa, haya. Tandaza kivulini likauke kabisa ndo ulikunje. La chumvi ya bahari lisuuze maji baridi kwanza, la sivyo mishono inakatika.