Kumkatia bima mtoto wa farasi, kuanzia usiku anaozaliwa

Nimezalisha farasi wa mbio upande wa Molo, Kenya, kwa miaka mingi, na sehemu ya kazi ambayo hakuna aliyenifundisha ni bima. Niliijua kwa hasara. Nitakueleza tunavyofanya sasa, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Mpigie wakala mama akiwa bado na mimba

Farasi hubeba mimba siku 340 hivi. Mwezi mmoja kabla ya kuzaa, mtafute wakala aliyesajiliwa, na umwambie wazi kwamba ni farasi. Fomu niliyopewa mara ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe wa maziwa. Ikanitaka nijaze namba ya hereni ya sikio na lita za maziwa kwa siku.

Muulize bima inaanza mtoto akiwa na umri gani. Zipo zinazoanza saa 24 baada ya kuzaliwa, nyingine husubiri siku 30. Muulize pia kama mnyama akifa utalipwa kiasi mlichokubaliana au bei ya sokoni ya siku hiyo, maana hivyo ni vitu viwili. Bima ya kawaida hulipa kifo cha ajali au ugonjwa, na mara nyingi wizi. Farasi akipona lakini asiweze kukimbia tena, hiyo hailipi.

Hatua ya 2: Daftari la usiku wa kuzaa

Hapa ndipo bima inapopatikana au kupotea. Farasi majike wengi huzaa usiku, na saisi (mtunza farasi) akiwa peke yake na tochi hukumbuka kila kitu isipokuwa saa. Kwetu daftari limefungwa kwa kamba mlangoni mwa zizi, kalamu ndani yake. Ukurasa mmoja uliandikwa hivi:

"Saa 8:10 usiku ametoka. Saa 8:55 amesimama, ameanguka, amesimama. Saa 9:40 ananyonya. Kondo limetoka saa 10:20, zima. Kitovu kimepakwa dawa mara mbili."

Kanuni ni rahisi: asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, na kondo la nyuma litoke ndani ya saa 3. Ikipita hapo, usingoje kupambazuke, mwamshe daktari.

Hatua ya 3: Damu

Farasi hampitishii mtoto kinga akiwa tumboni. Kinga yote ya mwanzo imo kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, na utumbo wa mtoto huacha kuipokea anapofikisha saa 24 hivi. Kwa hiyo daktari hutoa damu kati ya saa ya 18 na ya 24 na kupima kinga hiyo, inayoitwa IgG. Miligramu 800 au zaidi kwa desilita ni salama. Chini ya 400 ina maana hakupata kitu, na atahitaji kuongezewa plazima (maji ya damu yenye kinga) mshipani.

Mtoto anaweza kunyonya mbele ya macho yako na bado kipimo kikawa chini, kwa sababu mama alivujisha dang'a yake siku mbili kabla ya kuzaa. Kampuni zinalijua hilo. Ndiyo maana huomba matokeo ya damu pamoja na cheti cha daktari.

Hatua ya 4: Kumtambulisha

Chipu ya shingoni ina tarakimu 15. Zisome kwa mashine, usizinakili kwenye karatasi ya mtu. Piga picha pande zote, pamoja na paji la uso na miguu.

Angalia sana rangi. Farasi wa kijivu huzaliwa mweusi au hudhurungi, halafu hupauka mwaka hadi mwaka. Ukiandika "hudhurungi" na kunyamaza, siku ya kudai fidia utaulizwa huyu wa kijivu ni nani. Andika na rangi za wazazi.

Hatua ya 5: Thamani na malipo

Kwa aliyezaliwa nyumbani, jumlisha ada ya dume (malipo ya kupandishia) na gharama za kumtunza mama. Usitie chumvi, utaombwa risiti. Pandisha thamani akiachishwa kunyonya, na tena akianza mazoezi.

Tuseme thamani ni shilingi 400,000 na bima ni asilimia 6: ada ya bima ni 24,000. Ongeza tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 ya ada hiyo (48), ya mfuko wa fidia asilimia 0.25 (60) na stempu 40. Jumla 24,148. Lipa kwanza: sheria ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea pesa.

Hatua ya 6: Tunza masharti

Adui mkubwa huku ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi. Kinga ya mama humlinda mtoto miezi michache tu, kisha lazima achanjwe. Weka kadi ya chanjo, na muingize zizini kabla ya magharibi. Ukitaka kumhasi, pata kibali cha kampuni kwa maandishi kabla hajapigwa sindano ya usingizi.

Hatua ya 7: Akiugua au akifa

Piga simu kwa kampuni siku hiyo hiyo, hata kama ni tumbo tu.

Tulikuwa na dume wa miezi 14 aliyekufa kwa msokoto wa tumbo Jumamosi usiku. Fisi walikuwa karibu, kwa hiyo alfajiri tukamzika. Jumatatu nikapiga simu. Swali la kwanza: "Ripoti ya uchunguzi wa maiti iko wapi?" Hatukulipwa hata senti. Niliusoma mkataba upya kwa hasira, na sharti lilikuwepo, ukurasa wa tatu.

Hata kumuua asiteseke kunahitaji idhini ya kampuni, isipokuwa daktari athibitishe kwa maandishi kwamba mateso hayakuweza kungoja. Ndiyo maana namba ya dharura sasa imeandikwa kwa rangi nyeupe mlangoni mwa zizi, juu ya daftari, na turubai la kufunika maiti liko kwenye stoo ya chakula.