Kabla hujanunua mashine ya boti, tazama tumbo la chombo

Miaka yote niliyofunga mashine za boti hapa Unguja, kinachoniuma zaidi si mashine mbovu. Ni mashine nzima iliyofungwa kwenye chombo kisichokuwa chake. Mtu amekopa, amenunua mashine ya nguvu za farasi 40, na kipato chote cha samaki kinaishia kwenye petroli. Basi tuanze na chombo.

Hatua ya 1: Chuchumaa nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo

Subiri maji yatoke, chombo kikae mchangani. Tumbo likiwa bapa na pana mpaka mwisho, kama boti nyingi za fiba, chombo hicho kinaweza kunyanyuka na kuteleza juu ya maji. Likiwa la mviringo, mkuku (uti wa chini wa chombo) umeshuka na nyuma kumebanwa, kama mashua, hicho hupasua maji tu. Mwendo wa chombo cha namna hii una mpaka, na mpaka huo unatokana na urefu wake. Mashua iliyokaa majini mita 7 huishia karibu noti (maili za bahari kwa saa) 6 na nusu. Ukiizidishia farasi inachimba shimo nyuma yake: tezi inazama, omo, yaani mbele, inatazama juu.

Mzee mmoja aliniita akisema 40 yake mpya haina nguvu. Tulitoka naye, nikafungua gesi yote, na maji yakabaki vidole vinne tu kufika juu ya ubao wa tezi. Kesho yake tukafunga 15 ya kuazima. Mwendo ulikuwa karibu ule ule. Alinyamaza kitambo, akaniuliza 40 atamuuzia nani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito

Hii ni kwa boti ya kuteleza. Jumlisha kila kitu: boti kilo 450, watu sita kilo 420, mashine, petroli na vifaa kilo 130. Jumla kilo 1,000. Kadiria farasi mmoja kwa kila kilo 25, unapata 40. Usipime boti tupu. Baharini hutoki mtupu.

Hatua ya 3: Tustroki, fostroki au dizeli

Jiulize nani ataibeba. Tustroki, inayochoma petroli iliyochanganywa na oili, ikiwa ya farasi 15 ina kilo kama 36, kijana mmoja anaitia begani jioni na kwenda kuilaza nyumbani. Fostroki, yenye oili yake peke yake ndani, ikiwa ya nguvu hiyo hiyo inakaribia kilo 50, na ukiilaza upande usio wake oili inaingia pasipotakiwa. Kwa mvuvi anayefungua mashine na kuibeba nyumbani kila siku, bado namshauri tustroki. Ila oili iwe ya boti, yenye alama ya TC-W3, siyo ya pikipiki. Kwa mchanganyiko wa petroli 50 kwa oili 1, dumu la petroli la lita 20 linataka oili mililita 400. Pima kwa kikombe, usikisie kwa macho.

Anayepeleka wageni Kizimkazi au kuvusha abiria kutwa nzima, achukue fostroki. Inakula petroli kidogo, haina moshi, na mnaweza kuzungumza bila kupiga kelele. Badilisha oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Kama petroli yako ni ya madumu, weka kichujio cha kutenga maji, hasa kwa mashine ya sindano, yaani inayopuliza petroli kwa sindano badala ya kabureta.

Dizeli ya ndani, inayofungwa ndani ya chombo, ni ya chombo kikubwa kinacholala baharini. Kwenye boti ndogo uzito wake unakula nafasi ya samaki.

Hatua ya 4: Chukua futi kamba

Pima wima kutoka juu ya ubao wa tezi, pale mashine inapokaa, hadi chini ya tumbo. Sentimita 38 ni mguu mfupi wa mashine (sehemu yake inayoshuka majini), 51 ni mguu mrefu. Lile bamba lililo juu ya rafadha (panga la kusukuma maji) lilingane na tumbo, au lishuke kidogo sana. Mguu ukiwa mfupi kuliko ubao, rafadha inakamata hewa kila wimbi la kusi linapokunyanyua.

Hatua ya 5: Jaribu na mzigo kamili

Fungua gesi yote na usome mizunguko. Fostroki nyingi zinatakiwa zifike kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika; kitabu cha mashine yako ndicho kitakachokuambia kamili. Isipofika, usikimbilie kulaumu mashine. Badilisha rafadha: ukipunguza inchi moja ya pichi (umbali ambao rafadha ingesonga kwa mzunguko mmoja), unapata mizunguko kama 200 zaidi. Muuzaji akikataa majaribio haya, bakia na pesa yako.