Fundisha chanzo cha vita ya Marekani kwa korosho na simbi

Mwalimu mwenzangu, ukitaka kidato cha tano waelewe kwa nini Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe 1861 hadi 1865, usianze na Rais Lincoln. Anza na hesabu ya maseneta. Hapa Mikindani natumia chaki, simbi za kuokota ufukweni na korosho. Ziwe ghafi, maana zilizobanguliwa zitaliwa kabla hujafika 1820.

Chora ramani sakafuni, kubwa kiasi cha mtu kusimama juu ya Missouri. Chora mashariki tu, hadi mto Mississippi, kisha mwanafunzi aongeze ardhi ya Louisiana, aliyoiuza Napoleon 1803 kwa dola milioni 15. Hapo pita haraka.

Sasa panga: korosho kwa kila jimbo la utumwa, simbi kwa kila jimbo huru. Mwisho wa 1819 ni 11 kwa 11. Kila jimbo lina maseneta wawili, liwe kubwa au dogo, kwa hiyo upande utakaozidi hata jimbo moja ndio wenye seneti. Waambie Missouri inaomba kuingia na watumwa wake, halafu nyamaza, wabishane. Darasani kwangu hakosekani wa kusema, "Basi na wale wapewe la kwao." Ndivyo ilivyokuwa: Maine iliingia huru 1820, Missouri ikafuata 1821. Mstari ukapigwa nyuzi 36 na dakika 30, na kaskazini yake, ndani ya ardhi ya Louisiana, utumwa ukawa marufuku isipokuwa Missouri yenyewe. Tumia chaki ya rangi.

Watakuuliza Kusini, kwenye majimbo ya utumwa, waling'ang'ania nini. Pamba. Wakumbushe kwamba Wamatumbi wa Nandete, huko Kilwa, waling'oa pamba ya Mjerumani 1905. Adha ya zao hilo wanaijua. Na merikani waliyovaa mababu zetu wa pwani ilifumwa New England kwa pamba ya watumwa, ikaletwa na meli za Salem zilizorudi na pembe za ndovu na sandarusi. Vita ilipopamba moto huko, merikani ikaadimika huku.

Endelea kuongeza kwa jozi hadi 1848, 15 kwa 15. Mwaka huohuo Mexico iliyoshindwa vita inaiachia California, nayo 1850 inaingia huru. Simbi 16, na korosho ya kusawazisha haipo. Kusini wakapozwa kwa sheria kali ya kuwakamata watumwa waliotoroka.

Ukifika 1854, mwanafunzi aufute ule mstari kwa mguu: sheria ya Kansas na Nebraska iliwaachia walowezi waamue wenyewe, na Kansas ikamwaga damu. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, Mahakama Kuu ikasema Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo ambayo bado hayajawa majimbo.

Lincoln akachaguliwa Novemba 1860 bila kushinda jimbo hata moja la utumwa. Desemba 20 South Carolina ikajitoa. Hapa wengi huzoa korosho zote, wazuie. Zilizoondoka ni 11. Missouri, Kentucky, Maryland na Delaware zilibaki, ndiyo maana tangazo la Lincoln la kuwaachia huru watumwa, la Januari 1, 1863, halikuwagusa watumwa wa huko. Maryland na Missouri zigeuze simbi kabla vita haijaisha, kwani zilifuta utumwa zenyewe. Kentucky na Delaware zingoje Desemba 1865, marekebisho ya 13 ya katiba yaliyofuta utumwa nchi nzima.