Kaka alitoroka jeshini, sasa anaomba viza ya kuhamia Marekani

Simu kama hii huja usiku, kwa sababu ya tofauti ya saa. Kaka yako yuko Tabora au Nakuru. Wewe umeshakuwa raia wa Marekani, ulimfungulia maombi miaka mingi iliyopita, zamu yake imefika na anataka umjazie DS-260, ile fomu ya mtandaoni ya viza ya uhamiaji. Mnaenda vizuri: majina ya wazazi, anwani, shule. Mnafika kwenye swali la kama amewahi kutumikia jeshi la nchi yoyote, anashusha sauti: "Hapo weka hapana tu."

Usiweke hapana. Nasema hivi kwanza kwa sababu ya hesabu, heshima baadaye.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani haimkatai mtu kwa kuwa tu alitoroka jeshi la kwao. Kinachofunga mlango ni hukumu ya kosa lenye upotovu wa maadili, na mwongozo wanaoutumia maofisa wa ubalozi unaweka kutoroka jeshini, na hata kukaidi wito wa kujiunga, katika orodha ya makosa yasiyo na upotovu huo. (Kuna kifungu cha waliokimbia jeshi wakati wa vita, lakini hicho kinahusu jeshi la Marekani lenyewe.) Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi Mombasa iliwahukumu kifungo cha maisha wanamaji wa Kenya walioacha kazi bila ruhusa kwenda kulinda kwa mishahara ya kampuni za ulinzi Mashariki ya Kati. Nyumbani, adhabu nzito kupita kiasi. Kwenye mizani ya viza, kosa hilohilo likiwa peke yake ni jepesi kuliko kuiba dizeli ya kambi.

Kwa hiyo la kuuliza ni lipi hasa liliandikwa kwenye shtaka. Hukumu ya mahakama ya kijeshi huhesabiwa sawa na ya mahakama ya kiraia. Wizi, kughushi vocha za mafuta, kujeruhi kwa silaha: hayo yanafunga mlango, ila kuna upenyo kwa mwenye kosa moja tu ambalo adhabu yake ya juu kisheria haizidi mwaka 1 na yeye hakuhukumiwa zaidi ya miezi 6. Bangi ina kifungu chake, nao upenyo huo haiupati. Na angalieni hili ambalo wengi hawalijui: mwenye makosa mawili au zaidi ambayo vifungo vyake vikijumlishwa vinafika miaka 5 anazuiwa hata kama hakuna kosa la upotovu wa maadili ndani yake. Msamaha wa rais wa kwetu haufuti kitu, fomu yenyewe inauliza hata yaliyosamehewa.

Sasa linganisha na uongo. Aliyedanganya kwenye jambo la msingi ili apate viza anafungiwa maisha. Njia ya kuomba msamaha ipo, fomu I-601, lakini lazima aonyeshe kwamba mume, mke au mzazi wake aliye raia au mwenye grini kadi ataumia kupita kiasi asipokuja. Ndugu wa tumbo moja hahesabiwi. Yaani wewe uliyemwombea, uliyelipa ada, uliyesubiri zaidi ya muongo mzima, mateso yako hayamo kwenye kipimo hicho.

Na uongo huu unagundulika kirahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kama aliwahi kuomba viza ya matembezi au ya mafunzo, DS-160, fomu ya viza hizo za muda, nayo ilimuuliza kuhusu jeshi na jibu lake limehifadhiwa. Kama familia ilipitia Nyarugusu au Kakuma, kuna mahojiano ya ukimbizi yenye historia ya kila mtu. DS-260 inataka majina ya akaunti za mitandao ya kijamii alizotumia miaka 5 iliyopita, na huko kuna picha ya pasi auti, kombati imenyooshwa kwa pasi, rafiki ameandika "afande!" chini yake.

Kuna maswali mawili, watu huyachanganya. La kwanza ni la jeshi: nchi, kikosi, cheo, kazi yako, tarehe za kuingia na kutoka. La pili ni la vikundi vyenye silaha visivyo jeshi, ambalo linataja pia vikundi vya ulinzi wa jadi, waasi na msituni. Kijana aliyepita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania) kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita aitaje, aeleze ni miezi mingapi, kambi gani na kwamba ni utaratibu wa taifa. Mgambo vivyo hivyo. Mzee aliyeshika upinde na sungusungu Shinyanga miaka ya 1980? Kwa maoni yangu ajibu ndiyo, maelezo ya mistari mitatu yanatosha. Sijaona faida ya kuficha sungusungu.

Pagumu kweli ni kwa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na kaskazini mwa Uganda. Sheria ya ugaidi ya Marekani ni pana mno: kundi la watu wawili tu, lenye jina au lisilo na jina, linaweza kuingia humo likitumia silaha dhidi ya watu au serikali. ADF, waasi wa mashariki mwa Kongo, wamo kwenye orodha rasmi tangu 2021. Aliyepewa mafunzo na kundi, aliyebeba mizigo yao, hata mama wa Beni aliyewapa unga akiwa ameelekezewa bunduki, kesi yake inaweza kukwama. Kwa aliyelazimishwa kuna msamaha maalumu, hutolewa kwa hiari ya serikali na huchukua muda mrefu. Hapa msijaze wenyewe. Tafuteni wakili wa uhamiaji mwenye leseni, si yule jamaa wa kanisani anayejua fomu.

Nyaraka. Aliyetumikia jeshi anatakiwa kutoa rekodi yake ya kijeshi. Aliyeshtakiwa alete nakala ya hukumu hata kama alishamaliza adhabu. Cheti cha polisi ni cha kila mwenye miaka 16 au zaidi, na aliyekaa Oman au Qatar miezi 12 anaagiza cha huko pia. Msijidanganye kwamba cheti cha polisi kikiwa safi basi mahakama ya kijeshi haikuwahi kuwapo. Rekodi ikikosekana, kwa mfano kwa aliyetoroka ambaye hathubutu kugonga geti la kambi, andikeni barua ya maelezo: nini kimekosekana, wapi mliomba au kwa nini haiwezekani kuomba, ipakieni pamoja na nyingine. Hati ya Kiswahili haihitaji tafsiri kwa mahojiano ya Dar es Salaam au Nairobi, ila akihojiwa London itahitaji.

Daktari aliyeidhinishwa na ubalozi kupima waombaji naye atauliza pombe, dawa za kulevya na ugomvi. Wanajeshi wa zamani wajiandae kwa hilo.

Kabla ya kulipa ada yoyote, thibitisheni kwamba ubalozi unatoa viza za uhamiaji kwa raia wa nchi yenu wakati huo. Maagizo ya rais wa Marekani ya 2025 yalibana nchi kadhaa, Burundi ikiwemo.

Mkimaliza, msibonyeze kutuma usiku huohuo. Mtumie kaka majibu yote, ayasome mwenyewe kwa lugha anayoielewa, na pale fomu inapouliza kama kuna aliyemsaidia kujaza, aandike jina lako. Nakala aitunze. Maswali kama haya atayakuta tena kwenye N-400 siku akiomba uraia, na siku ya mahojiano ni yeye atakayesimama dirishani, anyooshe mkono wa kulia na kuapa kwamba kila kilichoandikwa humo ni kweli.