Mtoto kaanza la kwanza shule ya kanisa: nyumbani umsaidieje

Wazazi wenzangu, hasa nyie ambao watoto wameanza la kwanza kwenye hizi shule za makanisa za mchepuo wa Kiingereza, kazi yako nyumbani sio kuwa mwalimu wa pili. Mtoto kaamka saa kumi na moja alfajiri, kapanda basi la shule bado giza, kashinda darasani, karudi jioni soksi zina vumbi mpaka magotini, halafu na wewe unamkalisha mezani unaanza haya nisomee hii, hapana rudia, nimekwambia mara ngapi. Hata mtu mzima angegoma. Anachohitaji kwako ni muda mfupi, kila siku, na uso ambao haujakunjwa. Kwangu mimi dakika 20 zinatosha kabisa, na kama kalala kwenye basi akashushwa amebebwa basi siku hiyo mwache, mwandikie tu ticha kwenye daftari la mawasiliano kwamba jana tulishindwa.

Darasa la kwanza ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu (sio KKKT ya Walutheri jamani, hiyo ni baadae kidogo). Mambo ya upimaji wa NECTA (baraza la mitihani) wa darasa la nne bado yako mbali, usianze kumtafutia tuisheni mtoto wa miaka sita. Akimaliza mwaka anasoma sentensi fupi na kuielewa, anaandika jina lake na maneno ya kawaida, anajumlisha na kutoa namba ndogo bila kulia, umeshinda.

Kusoma ndo penye kazi, na kwenye hizi shule ugumu wake ni kwamba mtoto anajifunza kusoma lugha mbili kwa mpigo, herufi ni zilezile ila sauti sio zilezile. Kiswahili irabu ni tano na kila moja ina sauti yake moja tu, "a" ya baba ndo "a" ya kalamu ndo "a" ya Dar es Salaam. Sasa njoo Kiingereza, "a" ya cat ni kitu kimoja, ya cake kitu kingine, ya car kingine tena. Mtoto anachanganyikiwa na wewe unadhani ni mzito, kumbe yuko sawa kabisa, anajaribu kutumia sheria ya lugha moja kwenye lugha nyingine.

Kwahiyo nyumbani mimi nashauri ukazanie kusoma kwa Kiswahili, Kiingereza waachie shule kwa sasa. Najua kuna watakaobisha, mtu analipa ada yote ile halafu nyumbani ba be bi bo bu! Ila sikiliza, kitu kigumu kwenye kusoma ni kugundua kwamba herufi ni sauti na sauti zinaungana kuwa neno, na Kiswahili kinamgundulisha mtoto haraka maana hakimdanganyi. Akishaipata hiyo siri anahama nayo kwenda kwenye Kiingereza, anabaki kujifunza tu zile herufi zinazojibadilisha.

Anza na silabi nyepesi, ma, ba, ka, ta, la, da, na mara moja ziwe maneno, mama, kaka, dada, taa, bata, maana silabi peke yake hazina utamu. Zikikaa ndo uende kwenye cha, sha, nya, kisha kwa, mwa, bwa, halafu mwisho mba, nda, nja na zile za kusumbua kama ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, hapo wengi wanakwama na ni kawaida. Kitu kimoja usifanye, usimtajie majina ya herufi ya Kiingereza wakati anasoma Kiswahili, utasikia mtoto anasema "bii ei bii ei" halafu ukimuuliza neno gani hajui, kumbe ni baba. Mtajie sauti.

Na suala la kuongea Kiingereza nyumbani kisa shule wamesema hakuna Kiswahili, mi silikubali sana. Kama Kiingereza chako kinateleza vizuri ongea, kama cha kuungaunga mwache mtoto apate Kiswahili kizima. Mpigie hadithi, mtegee vitendawili wakati unakatakata mboga (nyumba yangu haina mlango, yai hilo), muulize leo ibadani shuleni wamehubiriwa nini akusimulie kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mtoto anayeweza kusimulia kwa mpangilio anaelewa anachosoma, lugha yoyote ile.

Sasa tuje kwenye mistari ya Biblia, maana shule hizi karibu zote mtoto anapewa mstari wa kukariri wa wiki, Wasabato wanaita fungu. Wazazi wengi tunaichukulia kama kero ya Alhamisi usiku, mtoto anaimbishwa mpaka anameza, Ijumaa anautapika mbele ya darasa, Jumatatu hakumbuki hata neno. Tumia huo mstari kama somo la kusoma. Chukua Zaburi 23:1, "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu". Uandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, Jumatatu msome pamoja huku kidole chake kinagusa kila neno, Jumanne kata karatasi maneno yaachane umpe ayapange, Jumatano ficha neno moja moja aseme lililofichwa, Alhamisi anasema bila karatasi, halafu ukirudisha karatasi ukamwonyesha "mchungaji" katikati anaweza kulitambua lenyewe. Hapo ndo pa kupimia, maana mtoto anaweza kuusema mstari wote kwa ufasaha huku macho yako darini, huyo anakariri, hasomi. Onyesha neno la katikati muulize hili ni nini.

Halafu fafanua maana. Biblia tunayosoma wengi ni ile ya Union Version na Kiswahili chake ni cha zamani kidogo, mtoto wa la kwanza hajui "sitapungukiwa" ni nini na "amwaminiye" ya Yohana 3:16 atakwambia ni jina la mtu. Mwambie sitapungukiwa ni sitakosa, amwaminiye ni anayemwamini, mchungaji hapa sio yule baba mchungaji wa kanisani, ni mtu anayechunga kondoo, unamjua yule kaka anayepita na mbuzi? Ndo huyo. Dakika mbili tu lakini mstari unakuwa na maana kichwani.

Kama mstari unaletwa kwa Kiingereza msomee kwanza uleule kwa Kiswahili, akishajua unasema nini ule wa Kiingereza unashika haraka zaidi.

Kuna familia nyingi mtoto anasoma shule ya dhehebu lingine, hii nayo ilete nyumbani taratibu. Mtoto wa Kilutheri yuko shule ya masista, jioni anasali Baba Yetu anasema "ufalme wako ufike" wakati nyumbani mnasema "ufalme wako uje", na anamalizia kabla ya "kwa kuwa ufalme ni wako". Bibi anashtuka, mtoto kaharibiwa huyo! Hapana bibi. Mwambie mtoto sala ni ileile, shuleni sema kama ticha anavyosema, nyumbani sema kama sisi, na usimcheke wala usimseme mwalimu wake vibaya mbele yake, maana akianza kumdharau mwalimu kwenye sala atamdharau na kwenye hesabu. Na kama shule ni ya Wasabato na nyie sio, jua kwamba kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi jioni kwao ni Sabato, kwahiyo homuweki ipangieni Ijumaa mapema au Jumapili, na usimpigie ticha simu Jumamosi asubuhi kuuliza ukurasa.

Ila ombi langu moja kubwa, Biblia isiwe adhabu. Mtoto kavunja glasi unamwambia aandike mstari kurasa tatu, mkono unauma, mwandiko unaharibika, na kitabu chenyewe anakichukia. Tafuta adhabu nyingine.

Kuandika nitapita haraka. Penseli fupi kidogo inashikika vizuri kuliko ndefu, raba iwepo ila isitumike kila sekunde, na daftari la mistari mipana. Kugeuza b na d ni kawaida kabisa umri huu, kuna mbinu ya kumfundisha, "b" ana tumbo mbele kama mama mjamzito, "d" kabeba mtoto mgongoni, wote wanatembea kuelekea upande tunakoandika. Watoto wanacheka na hawasahau. Mpe sababu za kweli za kuandika, aandike orodha ya sokoni (nyanya, vitunguu, chumvi) hata kama kaandika "vitungu", amwandikie babu salamu, aandike kitu cha kuombea usiku. Makosa usiyasahihishe yote, chagua moja.

Hesabu sasa. Okoteza vizibo vya soda 20 au 30, uvioshe, umeshapata vifaa vya muhula mzima. Ajumlishe kwa kushika kwanza, kichwani baadae. Halafu kuna mtego hapa ambao wazazi wengi hawaujui. Kiswahili kinasema kumi na tatu, unasikia kabisa kumi ipo na tatu ipo. Kiingereza thirteen inatanguliza tatu, na inafanana mno na thirty, kwahiyo mtoto anasikia thirteen anaandika 31 au 30. Mwambie kwa vizibo, rundo la kumi hapa, vitatu pale, kumi na tatu, hii ndo wanayoita thirteen. Amalize mwenyewe 14, 15, mpaka 19.

Na saa! Nyumbani unamwambia basi linakuja saa kumi na mbili, shuleni anaambiwa ni six o'clock, akiangalia ukutani mshale mfupi uko kwenye 6. Mwambie mapema kwamba Kiswahili tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama, na Kiingereza wanahesabu kuanzia usiku wa manane na mchana katikati, tofauti ni sita siku zote. Hata asipoelewa sababu atajua ni kwanini ticha na mama wanasema namba mbili tofauti na wote wako sahihi.

Pesa zinafundisha kuliko daftari, mpe sarafu za 50, 100, 200 na 500 azitofautishe, mtume dukani na jero (ile 500) ya maandazi mawili ya 200 arudi na chenji, mwulize imebaki ngapi. Sadaka ya Jumapili ahesabu mwenyewe. Na kanisani kwenyewe kuna hesabu nyingi, namba za nyimbo zikitajwa mwachie yeye atafute kwenye kitabu, wimbo wa 145 uko mbele au nyuma ya 120? Kutafuta sura na mstari kwenye Biblia vilevile. Atachelewa, wimbo utafika ubeti wa pili kabla hajaufikia, mvumilie.

Najua wengine mnarudi nyumbani saa mbili usiku na foleni zetu hizi, mtoto yuko na dada wa kazi. Basi mshirikishe dada badala ya kumlaumu. Dada wengi wanasoma Kiswahili vizuri tu, kaa nae Jumamosi moja mwonyeshe zile silabi na mchezo wa kukata mstari, na mwambie wazi homuweki asimfanyie mtoto, bora irudi shule na makosa kuliko irudi na mwandiko wa mtu mzima. Wewe unachobakiza ni ule muda wa kitandani, hata kwa simu kama uko njiani, akusomee sentensi tatu muombe alale. Alale mapema kweli, watoto wa miaka 6 mpaka 12 wanashauriwa kulala masaa 9 mpaka 12, sasa anayeamka saa kumi na moja alfajiri akilala saa nne usiku mbele ya tamthilia unategemea aelewe nini darasani?

Vitabu, usisubiri vya bei. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao, vitabu vya kiada unavisoma bure kwenye simu. Kitabu kimoja chembamba kilichosomwa mpaka kikachakaa kinafaa kuliko kumi vilivyopangwa kabatini.

Grupu la WhatsApp la wazazi lisome kwa matangazo tu, ukianza kuangalia video za watoto wa wenzio wanasoma Biblia nzima utaishia kumpigia wako kelele bure. Na viboko kwenye kusoma acheni, mtoto anayeogopa anaangalia mkono wako, haangalii kitabu.

Kama mpaka muhula wa pili uko katikati mtoto bado hatambui sauti za herufi hata za jina lake, usisubiri ripoti ya Desemba. Nenda shule, muombe ticha wa darasa muda wa kukaa nae sio wa kusimama getini, muulize anakaa dawati la ngapi, anakwama wapi hasa, anafanyaje wenzake wakisoma kwa sauti. Halafu mpeleke akapimwe macho na masikio, maana kuna watoto wanaitwa wavivu mwaka mzima kumbe ubao hawauoni.