Ukituma Morse kwa kibodi, andika neno zima kabla ya kuliachia

Jana jioni hapa Kisasa, Dodoma, nilijirekodi nikituma Morse redioni, yaani herufi kwa milio mifupi na mirefu, nikagundua "DODOMA" yangu inatoka "DOD OMA". Kosa si la mashine, ni la vidole viwili vinavyotafuta herufi. Kwenye programu ya kutuma, washa hali ya neno kwa neno: herufi zinakaa foleni mpaka ubonyeze kitufe cha nafasi, ndipo neno linatoka lote. Kama programu yako haina hali hiyo, tangulia kuandika maneno mawili matatu wakati mwenzako wa upande wa pili bado anatuma, kisha achia. Kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika nukta moja, yaani mlio mfupi, ni milisekunde 60. Kimya kati ya herufi ni nukta 3, yaani 180, na kati ya maneno ni nukta 7, yaani 420. Ukisita nusu sekunde katikati ya neno, msikilizaji anasikia neno jipya. Ukisita baada ya neno, anadhani unafikiri tu, na hilo halimsumbui mtu.

Inagoma wapi? Foleni ikiwa ndefu na mwenzako akakukatiza, wewe bado unamwaga maneno. Weka kidole karibu na Esc ili uikate. Neno refu nalo linaacha kimya kirefu. Na akikuambia QRS, yaani "tuma polepole", punguza kasi yenyewe, maana foleni haimsaidii anayeshindwa kuandika anachosikia kwa kasi yako. Alama ya kituo chako, ile inayoanza na 5H ya Tanzania, iweke kwenye kitufe kimoja, usiiandike kila mara.